Bomba Kavu Chini ya Dirisha la Jiko

"Pampu haijui ndani wala nje." Wanangu, msemo huu mnausikia hapa chuoni kila siku, na leo mmeniuliza ulitoka wapi. Ulianzia melini, nami nilikuwepo.

Nilikuwa baharia wa sitaha katika Nyakayenzi, meli iliyobeba saruji kutoka Kigoma kwenda Kasanga. Tulikuwa tumetoka kwenye matengenezo wiki hiyo, rangi bado inanukia. Asubuhi moja, tukiwa mbali na nchi kavu, meli ililalia kushoto kidogo. Hilo halikututisha. Kila ubavu una tangi la maji ya kuisawazisha meli. Ukipunguza maji upande mzito, inasimama sawa. Kapteni Kalonda akamwagiza fundi mkuu wa mashine, Mzee Ntahondi, apunguze ya kushoto.

Pampu ikawashwa. Nusu saa baadaye tulikuwa tumelala zaidi.

"Labda saruji imehama," akasema kapteni. Tukateremka kuangalia. Mifuko ilikuwa mahali pake. Tukatafuta ufa, hatukuuona.

"Washa na pampu ya pili!"

Ikawashwa. Sasa tulitembea tumeshika kuta. Mzee Ntahondi, miaka ishirini na sita kazini, alisimama akizitazama mashine zake kama mtu aliyesahau jina la mwanawe. Pampu zilinguruma vizuri. Kadiri tulivyotoa maji, ndivyo tulivyozidi kuzama. Mimi nilianza kudhani ziwa limetukasirikia. Kapteni akatuamuru tuvae maboya.

Hapo akaja mpishi wetu, Bi Zaituni, boya shingoni.

"Kapteni, samahani. Pampu zinafanya kazi?"

"Zote mbili, mama. Huzisikii?"

"Nazisikia. Ila lile bomba la kutemea maji, chini ya dirisha la jiko langu, ni kavu. Siku zote hunirushia matone mpaka kwenye sufuria. Hayo maji mnayapeleka wapi?"

"Zima pampu!" Mzee Ntahondi akapiga kelele. "Zima zote!"

Meli ikaacha kuzidi kulala. Mzee akapiga magoti, akalifuata bomba kwa kiganja, kutoka tangini hadi kwenye valvu mbili za kufungulia maji. Ya kijani ilikuwa ya kutoa, nyekundu ya kuingiza. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Sasa rangi zilikuwa zimebadilishana. Tulikuwa tukilivuta ziwa na kulimimina ndani ya meli yetu wenyewe.

"Nani alizipaka hizi?" kapteni akauliza.

Mzee akainuka. "Mimi," akasema. "Kwa mkono wangu. Na leo nilifungua kwa kutazama rangi tu."

Akazigeuza valvu, akawasha pampu moja. Kutoka juu tukamsikia Bi Zaituni: "Linatema! Linatema!"

Tulifika Kasanga jioni, meli imesimama wima. Kuanzia siku ile, akimwona mtu anaongeza bidii kabla ya kujua bidii yake inakwenda wapi, Mzee Ntahondi humshika bega na kumwambia: pampu haijui ndani wala nje.