Lundo la Nyuma ya Jiko

Mtu mmoja huko milimani, jina lake Ambakisye, alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na kila mwaka alikiogopa kiangazi. Majani yakikauka aliwakatia migomba, na migomba, ndugu zangu, ni maji matupu. Mwaka mmoja ng'ombe wake alizaa katikati ya njaa hiyo, akashindwa kuinuka, akafa, na ndama akafa siku ya pili. Wakabaki watatu. Mmoja wao, Sikitu, alikuwa na mimba, naye angezaa kiangazi kilichokuwa kinakuja.

Ndipo Ambakisye akasikia habari ya saileji, chakula cha ng'ombe kinachowekwa akiba ya kiangazi. Unakata mahindi yakiwa bado mabichi, mabua na yote, unayakatakata vipande vidogo, unayarundika juu ya nailoni shambani na kuyashindilia mpaka hewa itoke. Kisha unafunika kwa nailoni nyingine, unaweka udongo na mawe juu, unaacha siku arobaini bila kugusa. Hewa isiingie, basi! Sheria ni hiyo tu.

Siku ya kushindilia ilikuwa sikukuu! Majirani walikuja na mapanga, wanawake wakapanda juu ya lundo miguu mitupu, wakaruka na kuimba, maji ya mabua yakiwatiririka mpaka kwenye vifundo. Ambakisye aliruka kuliko wote, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu. Kofia ikamdondoka, ikashindiliwa humo humo, wala hakujali. Jioni lundo lilikuwa limesimama kando ya barabara, likipita banda la ng'ombe kwa urefu. Yalibaki mahindi ya bondeni, mafupi, yaliyoliwa na viwavi. Hayo mkewe Subilaga aliyafanyia lundo dogo nyuma ya jiko, akalifunika kwa nailoni kuukuu na matairi chakavu. Ambakisye alilionea aibu, na hakumwonyesha mtu.

Lakini lile kubwa! Siku ya tano akapita shemeji yake. Ambakisye akamshika mkono, akaondoa mawe mawili, akainua pembe ya nailoni ili anuse. Shemeji akanusa, akapiga makofi, wakacheka wote kwa furaha. Siku ya nane likaja kundi zima la wafugaji, akainua upande wa pili. Siku ya kumi na mbili akaja mwalimu mkuu. Na siku ya kumi na tisa, msinitazame hivyo, nilipita mimi, na ni mimi niliyeomba kufunuliwa. Kila mara alirudisha mawe pale pale, kwa uangalifu kabisa, lakini hewa ilikuwa imeshaingia.

Siku ile Subilaga alitoka jikoni, akaniamkia kwa heshima, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Lugano, saileji umeshawalisha wageni kwa macho. Sikitu atakula nini?"

Tulicheka. Nasema kweli mbele yenu, mimi na yeye tulicheka.

Kiangazi kikafika. Lundo likafunguliwa mbele ya majirani wale wale waliolishindilia, na wimbo wao ukakatika. Juu ukungu mweupe, chini matope meusi, ya moto kama samadi. Sikitu aliletwa, tumbo kubwa, mbavu zinahesabika. Akanusa mara moja, akageuza kichwa. Ambakisye akaketi chini kwenye udongo na kujifunika uso, maana alimwona tena yule ng'ombe aliyekufa.

Subilaga alizunguka nyuma ya jiko, akasogeza matairi, akarudi na karai kichwani. Ndugu zangu, harufu ilitufikia kabla yake! Tamu, yenye uchachu kidogo, na rangi ya manjano safi, kutoka kwa mahindi yale ya viwavi. Sikitu alivuta kamba mpaka kigingi kikang'oka! Vigelegele vikapigwa, na mimi nilipiga, sikujizuia.

Lundo dogo lilitosha ng'ombe mmoja tu. Wale wawili walirudi kwenye migomba, wakakonda, lakini wakavuka. Sikitu alizaa ndama jike, na akainuka mwenyewe kwa miguu yake minne. Ambakisye akakimbilia barabarani kumwita kila anayepita aje kuona, na safari hii Subilaga alikuwa mbele yake, anaita kwa sauti kubwa zaidi. Ndama aonyeshwe! Ndama ameshazaliwa.

Na lile lundo dogo halikuhifadhiwa kwa hekima yake Ambakisye. Lilihifadhiwa kwa sababu hakuna aliyetaka kusifiwa kwalo.

Niambie basi, wewe uliyemwahidi Mungu jambo jema juzi juzi tu: mpaka leo umeshainua nailoni mara ngapi?