Makoo Manne, Fomu Moja

Wewe, mtu akikusukuma, kisha akakudaka kabla hujafika chini, utamwambia ahsante? Usinijibu sasa. Sikiliza kwanza.

Hapo zamani, na si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya simu za kubonyeza, tulikuwa wanafunzi wanne katika chuo kimoja cha nyanda za juu kusini. Tulikuwa na kikundi cha kuimba, tukakiita Koo Tupu. Tuliimba bila kinanda, bila gitaa, bila hata ngoma. Watu tuliwaambia huo ni msimamo wetu wa kisanaa. Ukweli ni kwamba kinanda cha chuo kilikuwa kimefungiwa stoo, na mwenye ufunguo hakutupenda.

Besi alikuwa Ambakisye, mtu wa Tukuyu, mpole, mwenye sauti ambayo ukikaa karibu naye unaisikia kwenye benchi. Sauti ya tatu alikuwa Zebedayo, mtunzi wa nyimbo zetu zote. Sauti ya pili alikuwa Kokugonza wa Bukoba. Huyu alikuwa na sikio la ajabu. Mwamshe usingizini, mwombe do, atakupa do ile ile ya jana. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetutolea sauti. Anaimba noti moja kwa midomo iliyofumbwa, kila mtu anapata yake hapo, tunaanza. Kinanda cha kumpima hatukuwa nacho. Tulichukua tulichopewa.

Sauti ya kwanza nilikuwa mimi, Kidawa, ninayekusimulia.

Mwaka wa tatu tukaenda kwenye tamasha la vyuo. Kundi litakaloshinda lingepata kiti kimoja: mwaka mzima wa kusomea uongozaji wa kwaya ng'ambo. Kundi la watu wanne, kiti kimoja. Aliyebuni zawadi ile hajawahi kuishi na watu. Sote tulikitaka. Mimi baba yangu, kule Chake Chake, alikuwa ameniambia waziwazi kwamba kuimba ni jambo la harusini, si kazi ya mtu aliyesomeshwa. Nilikusudia kumrudia na karatasi mkononi.

Siku ikafika. Wimbo wa Zebedayo ulikuwa na beti tatu, na mwisho wa ubeti wa pili kulikuwa na noti ndefu ya juu. Hiyo ilikuwa yangu. Kwenye mazoezi niliifikia kila siku. Siku ile nikaiendea, koo likafunga, na sauti ikapasuka kama kanga iliyonaswa na msumari.

Nikanyamaza. Ubeti wote wa tatu nilifungua mdomo na kuufunga, natabasamu, bila kutoa hata mlio. Kokugonza akaiacha noti yake, akarukia yangu, akaimba sauti ya kwanza kama aliyezaliwa nayo. Pengo lake akapanda kuliziba Zebedayo, kwa sauti ya kike. Chini akabaki Ambakisye peke yake, ana homa tangu juzi, magoti yanatetemeka, noti haitetemeki.

Tukashinda. Jaji mkuu akatusifu kwa ujasiri wa kubadilishana sauti katikati ya wimbo. Zebedayo akainama, kama aliyeupanga.

Wiki mbili zilizofuata sikuimba hata bafuni. Zebedayo alisema ni askrimu. Daktari wa zahanati ya chuo alinimulika kooni akasema hili ni koo zuri tu, kama nina mtihani nikasome. Sikumwamini. Niliamini limekwisha.

Fomu ikaja. Jina moja, sahihi nne, ifike ofisini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, kiti kinakwenda kwa washindi wa pili. Tukakutana kantini saa nne, fomu mezani, kalamu juu yake.

Zebedayo akaanza. Wimbo ni wake, mazoezi ya miezi minne ni yake, na pengo kaliziba yeye. Bila yeye tungeimba nini? Akaisogeza kalamu upande wake. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemkubalia.

Ambakisye akasema yeye si msemaji, kisha akasema kwa muda mrefu. Siku ile kila mtu alihama isipokuwa yeye. Mnaruka, mnapanda, mnanyamaza, kwa sababu mnajua chini kuna mtu. Naye kalamu akaisogeza kwake.

"Na wewe, dada?" Zebedayo akaniuliza, kwa sauti ile ya kumsalimia mgonjwa. "Nasikia unajitoa."

"Umesikia vibaya. Mie nakitaka kiti."

"Kwa kuimba nini? Ubeti wa tatu hukuimba."

"Nilinyamaza. Ningeng'ang'ania, tungeshindwa. Sauti ya kwanza kunyamaza mbele ya ukumbi mzima si mchezo. Wewe hujawahi kunyamaza hata ukiwa na ugali mdomoni."

Ambakisye akacheka mpaka akakohoa. Nami nikaivuta kalamu. Lakini wewe nitakwambia: siku ile nilinyamaza kwa hofu. Ushujaa niliuongeza baadaye. Usije ukanihesabia kisicho changu.

Kokugonza yeye kalamu hakuigusa. Alikuwa anakunja pembe ya kitambaa cha meza, anaikunjua, anaikunja.

Saa tano na nusu ikapita. Zebedayo hawezi kumpa Ambakisye, Ambakisye hawezi kumpa Zebedayo, na hakuna aliyeweza kunipa mimi. Basi wakakubaliana juu ya Kokugonza. Aliyeruka ndiye aliyetuokoa. Wakatia sahihi, wakanitazama.

Nilikitaka kiti kile mpaka meno yaliniuma. Lakini kweli ni kweli. Nikachukua kalamu.

"Shoga yangu," nikamwambia, "siku ile ulinidaka. Nenda ukasome." Nikatia sahihi, nikampa kalamu aandike jina lake.

Akaishika. Akaitazama sahihi yangu. Akaiweka kalamu chini.

"Noti ya kuanzia niliyowapa siku ile ilikuwa juu," akasema. "Juu kuliko ya mazoezi. Na si kidogo."

Zebedayo akasema hapana neno, kila mtu hukosea.

"Mimi sikosei noti," akasema Kokugonza, na hilo sote tulilijua. "Nilijua ile noti yake ndefu Kidawa hataifikia. Miaka mitatu naimba chini yake, noti ambazo hakuna anayezisikia mpaka zikosekane. Sauti ya kwanza nimejifunza peke yangu, bafuni bwenini, mwaka mzima. Nilitaka nisikike siku moja. Niliipandisha makusudi."

Nikashika shingo yangu. Kumbe koo lilikuwa zima.

Zilibaki dakika kumi na mbili, na kwenda ofisini ni mwendo wa dakika kumi. Fomu ina sahihi tatu, jina hakuna. Yupo aliyetunga. Yupo aliyesimama chini na homa yake. Yupo aliyenyamaza. Yupo aliyetuangusha, akatudaka, akashinda, na kiti kikiwa tayari chake akasema kweli bila kuulizwa na mtu.

Kalamu hiyo hapo. Je, ungeandika jina la nani?