Kilemba cha Chubwi Kinyozi

Nyumba zote za mtaa wa Kisimani zilikuwa za Bwana Mbaraka, na Bwana Mbaraka alimtaka Mwanatumu. Mwanatumu hakumtaka. Siku ya harusi kadhi alikwenda mlangoni pa chumba kumuuliza bibi harusi, akajibiwa "sitaki", akavaa viatu vyake akaondoka.

Hapohapo Mbaraka akamwita Chubwi, kinyozi aliyehudhuria harusi nyingi kwa ajili ya pilau hata akaijua hotuba ya ndoa kwa ghibu. Akamvisha kilemba mbele ya wapangaji wake wote.

"Kuanzia sasa huyu ndiye kadhi wenu," akasema. "Atakalolitamka limepita. Asiyekubali ahame nyumba yangu."

Watu wakaitikia kwamba wamekubali.

"Limepita hata kwako, bwana?" Chubwi akauliza kwa unyenyekevu.

"Hata kwangu. Haya, niozeshe."

Chubwi akaenda mlangoni pa chumba, akauliza, akarudi akikiweka sawa kilemba chake.

"Bibi harusi amekataa," akasema. "Basi mimi, kadhi wenu, natamka kwamba hakuna ndoa."

Mbaraka akafura. "Kadhi gani wewe? Wewe ni kinyozi tu, na hicho kilemba nimekuvisha mimi."

Chubwi akakivua, akakikunja taratibu, akamwekea mapajani.

"Umesema kweli, bwana. Na kinyozi haozeshi mtu. Sasa, anayetaka kunyolewa abaki hapa, na anayetaka pilau anifuate, maana imeshaiva."