Moshi wa Jikoni kwa Naetwe

"Moshi ukulizao ndio ukulindiao mbegu." Mmeyasikia maneno hayo asubuhi, mkauliza nani aliyasema kwanza. Yalianzia jikoni kwa Naetwe, kijijini Mrindi, juu milimani Upare, mwaka walipokuja wanafunzi wa chuo kutoka Ufini kujitolea.

Wanafunzi hao walijenga majiko ya udongo yenye bomba la kutoa moshi nje. Kazi yao ilikuwa nzuri. Naetwe, mama yake Eliamani, alikuwa amepika miaka mingi akifuta machozi. Sasa macho yalipona, kikohozi kikaisha, kuni zikapungua. Aino, binti wa Kifini aliyemjengea, Naetwe akamwita mwanangu.

Vuli ilipokaribia, Naetwe alipanda darini, juu ya jiko, kushusha mahindi ya mbegu aliyorithi kwa mama yake. Alishika hindi moja. Unga ukamwagikia mkononi. Dumuzi, wadudu watoboao nafaka, walikuwa wamekula karibu yote. Bila mbegu, shamba lingelala.

Jirani yake Nankondo, aliyekuwa bado anapikia mafiga matatu, alichungulia mlangoni.

"Mama Eliamani, kwangu hakuna hata mdudu mmoja. Si ulisema nanuka moshi?"

"Nilisema. Haya, nicheke umalize."

"Nikucheke nini? Moshi ukulizao ndio ukulindiao mbegu. Umemfukuza mlinzi."

Aino alifika, akayaona mahindi, uso ukamwiva.

"Nitalivunja hili jiko," Naetwe alimwambia.

"Mama, hatukuuliza moshi ulikuwa na kazi gani."

"Wala mimi sikukwambia. Nilifurahi mno." Naetwe akalitazama bomba lilivyopenya dari mpaka nje ya bati. "Hivi, lazima litoke nje?"

Aino akalitazama pia. "Hapana. Likiishia darini…"

"Moshi utalala na mahindi, si na mimi."

Wakalikata bomba siku hiyohiyo, likaishia darini. Mdomoni wakaweka wavu wa kuzuia cheche, na juu ukutani wakatoboa tundu la moshi kutokea. Nankondo alimletea Naetwe kikapu cha mbegu zake apande. Alipoona jikoni kweupe na dari inafuka, hakuondoka mpaka Aino alipomwahidi jiko kama lile.

Mahindi machache ya mama yake yaliyosalimika, Naetwe aliyapanda kando, yakazaa. Na huku kwetu mtu akitaka kuondoa kinachomkera, huambiwa kwanza atazame kinafanya kazi gani: moshi ukulizao ndio ukulindiao mbegu.