Hodi ya Siafu

Siafu wa leo mnawajua, wanaingia kwa mtu kama kiwanja wamenunua wao. Zamani hawakuwa hivyo. Walikuwa na adabu kushinda mkwe anayeleta posa. Wakifika kwenye kiota au shimo la mtu, jeshi zima linasimama, jeshi la kutoka hapa mpaka kwenye mwezi na kurudi, halafu mkubwa wao anapiga hodi mara tatu. Akijibiwa, wanazunguka. Asipojibiwa, nyumba haina mwenyewe, wanapita katikati na kilichomo ni chao. Jibu lilikuwa litoke ndani. La jirani halikuhesabiwa.

Wakati huo Wawuda, yule kijindege wa kifua cha manjano asiyejaa kiganja cha mtoto, alikuwa anaimbia juu kabisa ya miti, juani. Na sauti yake, we acha tu. Akianza asubuhi, mawe yanabingirika milima yote ya Taita. Tembo kule Tsavo wanaziba masikio, na masikio ya tembo si kitu cha kuziba kwa siku moja. Kiota chake kilikuwa chini, kwenye mizizi, na watoto wawili ndani.

"Shoga, punguza," Mghoi, yule ndege shore jirani yake, alimwambia. "Mume wangu ameamka kiziwi."

"Si umepata raha? Hatasikia tena unavyomsema."

Walicheka sana siku hiyo. Kesho yake nyoka akaja kwa Mghoi, akapiga hodi kwa sauti tamu. Mtoto wa Mghoi akaitika, "Karibu." Ndiyo likawa neno lake la mwisho.

Wawuda hakuimba siku ile. Aliwakalisha wanawe akawaambia, "Mtu akipiga hodi na mimi sipo, msijibu. Hata akiwaita majina. Hata akilia." Akawakaririsha maneno hayo mpaka wakayajua kuliko majina yao.

Msiba wa jirani haukai. Muda kidogo tu, Wawuda akarudi juu kuimba. Siafu wakaja.

"Hodi," mkubwa wao akasema mlangoni. Watoto wakashikana, kimya. Akapiga ya pili. Mghoi kwenye kichaka akapiga kelele mpaka koo likakauka, "Wawuda, shuka! Shuka!" Lakini nani angesikika chini ya sauti ile? Hodi ya tatu, yule mdogo akafungua mdomo. Nduguye mkubwa akamziba kwa bawa.

Wawuda alishuka na kiwavi mdomoni. Akakuta majani makavu, na siafu wanamalizia kupita.

"Mama," mkubwa wa siafu akamwambia, "tulibisha mara tatu. Hata pumzi hatukusikia."

"Niliwaambia wasijibu."

"Basi walikuwa watoto wasikivu," siafu akasema.

Akatafuta katika mizigo ya watu wake, akampa kilichobaki, unyoya mmoja mweupe. Wawuda akauweka kooni. Sauti iliyokuwa inaangusha mawe ikaishia pale, chini ya unyoya.

"Hodi hii imetutia aibu," siafu akawaambia wenzake. "Hatubishi tena kwa mtu."

Na tangu siku ile siafu hawabishi. Wawuda naye alihama jua. Anakaa chini kwenye giza la msitu, na siafu wakitembea, yuko mbele yao, anawapigia hodi wao. Panzi, mende na buibui wakisikia wanatoka mbio. Wanawakimbia siafu, wanaingia mdomoni mwake, maana njaa haijui msiba. Ule unyoya huuoni akinyamaza. Akiita ndipo unatokeza kooni, mweupe, kama nyota.

Ukimkuta, simama. Anaita kidogo, anatega sikio kwenye mizizi. Anaita tena, anatega tena. Mara ya tatu anasogea kwenye mti mwingine. Hajibiwi, na hatajibiwa. Aliwafundisha vizuri mno.