Jenerali Aliyeganda Kichakani

Sema ni uongo ukitaka, lakini Chapati, mbwa koko wa mwindaji Wafubwa, alimshinda Jenerali, mbwa wa kuwindia aliyenunuliwa ng'ambo na Mzee Khaoya.

Khaoya, mwenye mashamba yote ya mtama kule Busia, alichoka kuona Chapati akimtimulia kware. "Kesho tuwashindanishe," alisema. "Tuone nani atatimua wengi kabla jua halijafika utosini. Koko wako akishindwa, nampiga risasi."

"Na akishinda, mzee wangu?"

"Windeni kwangu mpaka mzeeke."

Wafubwa akakuna kichwa. "Nasikia Jenerali akinusa kware husimama kama mlingoti."

"Hasogei mpaka ndege aruke. Hata umtupie nyama."

Asubuhi, kwenye kichaka cha kwanza cha miiba, Jenerali aliinua mguu mmoja, akanyoosha mkia, akaganda. Khaoya akarusha mawe. Kware alilia humo ndani lakini hakuruka. Khaoya akashika ukanda wa mbwa.

"Unamvuta, mzee? Kumbe hata wewe humwamini."

Akauachilia. Huko mtamani Chapati alibweka ovyo, na kware wakamwagika angani. Jua lilipofika utosini, Khaoya alimbeba Jenerali begani, mguu bado uko juu.

Ipo sehemu nimeiruka. Kwao Wafubwa, watu hufuga kware tengani ili awaitie wenzake mtegoni. Alfajiri ile Wafubwa alikuwa amelisukumia tenga lake, kware akiwa ndani, katikati ya miiba ile. Jenerali hakukosea, ndege alikuwemo. Sasa aruke aende wapi?