Waya Uliofika Mlango wa Jikoni

"Waya huaga nyumbani, betri huaga njiani." Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi, Bi Semeni alipomkatalia yule bwana anayeahidi lori kwa kila harusi, nanyi mkacheka kwa sababu Bi Semeni mwenyewe hajawahi kushika hata nyundo. Mnauliza yametoka wapi. Yametoka hapahapa Ihanga, kwenye msiba, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na fundi seremala aliyeitwa Mzee Mlowe. Alikuwa na msumeno wa umeme wa waya, pamoja na desturi moja iliyowachosha wenzake. Kabla hajakata ubao wowote, aliutandaza waya wote chini, akaufuata mpaka ulipoishia, akasema, "Tuone utatuacha wapi." Ndipo aliposogeza benchi. Binti yake Twilumba, aliyejifunza useremala kwake, ndiye aliyeukunja waya ule kila jioni.

Mafundi wa Ihanga walikuwa na mwiko wao. Fundi akifa, jeneza lake hutengenezwa nyumbani kwake, mbele ya waombolezaji, kwa mbao alizojiwekea mwenyewe. Na msumeno ulioanza jeneza ndio unaolimaliza. Kuubadili katikati, walisema, ni kuacha mlango wazi. Kifo kitarudi kumtafuta mwingine ndani ya nyumba ileile.

Mzee Mlowe akaugua siku nyingi, kisha akafa. Asubuhi ya maziko mafundi wakafika, mbele yao mwenyekiti wao, Chengula, amebeba msumeno mpya wa betri kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa. Twilumba alikuwa amekwisha kuutandaza waya wa baba yake. Nyumba yao haikuwa na umeme, hivyo waya ulitoka kwa jirani, ukapita juu ya ua, ukaishia mlango wa jikoni.

"Tufanyie kazi hapa," akasema. "Waya umefika hapa."

Chengula aliyatazama masufuria na majivu. "Binti yangu, fundi mkubwa kama huyu atengenezewe jeneza jikoni, kama kuku anayenyonyolewa? Wageni wamekaa mbele ya nyumba."

"Hapa ndipo mwisho wake, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana tuna huu. Huo wako ni mbuzi wa kamba, hula palepale alipofungwa."

Mafundi wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Mbuzi wa kamba hapotei," Twilumba akajibu. "Betri zimejaa?"

"Zote mbili. Niachie mimi."

Shangazi yake akamvuta kanga. "Mwanangu, usibishane na wanaume siku ya baba yako." Twilumba akanyamaza. Baadaye ukimya huo ndio uliomuuma kuliko yote.

Benchi likawekwa mbele ya nyumba. Msumeno wa betri ulikata vizuri, nani atasema uongo. Watu walisogea kuutazama, na Chengula akawa anaeleza, kama yuko mnadani, jinsi unavyokwenda popote, porini, darini, hata katikati ya mto ukitaka. Ubavu mmoja ukakatwa, na wa pili. Wakaanza kifuniko. Walipofika katikati, msumeno uliguna, ukapunguza mwendo, ukasimama meno yakiwa yamezama ndani ya ubao mgumu wa mninga.

Chengula alibonyeza. Akautikisa. Akabonyeza tena.

"Leteni betri nyingine," fundi mmoja akasema.

Chengula alijifuta uso. "Tuipeleke hii kwa jirani ikachajiwe. Haitachukua muda."

"Nyingine iko wapi?" Twilumba akauliza.

"Tutaichaji hii, nimesema."

"Nimeuliza nyingine."

"Iko kwangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Vijana wanamalizia uzio. Sikudhani itahitajika."

Kaburi lilikuwa tayari. Mchungaji alikuwa amekwisha kufika, na wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima. Chumbani Mzee Mlowe alilala mkekani akisubiri nyumba yake ya mwisho, huku betri ya kuimalizia ikikata miti ya uzio wa Chengula. Hasira ilimpanda Twilumba polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ubao mkavu.

"Mwenyekiti," akasema, "waya wa baba uliniaga asubuhi, nikiwa bado nyumbani. Uliniambia, mimi naishia mlango wa jikoni, ukitaka sogeza benchi. Wewe ukauita mbuzi. Betri yako ilikwenda popote, na imeniaga njiani, jeneza la baba likiwa nusu. Wala siilaumu betri, haina mdomo. Wewe unao."



Fundi mzee kuliko wote akakohoa. "Binti, huwezi kubadili msumeno. Unajua mwiko."

"Sibadili. Naanza upya. Zileteni mbao zote jikoni."

Wanawake wakasogeza masufuria. Twilumba akachukua penseli ya baba yake, na kwenye kila ukingo uliokatwa na betri akachora mstari mwingine, ndani kwa unene wa kidole. Kisha akawasha msumeno wa waya, akakata kila ukingo upya, mmoja baada ya mwingine, hata pasibaki kwenye jeneza alama ya msumeno ule mwingine. Hata ukingo wa kifuniko uliokatwa nusu ulidondoka pamoja na vipande.

Chengula alisimama pembeni, mikono mitupu. "Nikushikie ubao?"

"Shika. Ila usiniahidi kitu."

Shangazi alilitazama jeneza likiungwa. "Limekuwa dogo. Atatosha?"

"Atatosha, Shangazi," akasema Twilumba, bila kuinua macho. "Ugonjwa ulikwisha kumpunguza."

Wakamzika kabla ya mvua. Vile vipande vilivyokatwa viliwashwa jikoni, chakula cha waombolezaji kikapikiwa juu yake.

Betri bado zipo Ihanga, na zinakata vizuri. Lakini tangu siku ile, mtu akija na ahadi isiyo na mwisho, watu humuuliza waya wake unaishia wapi. Kama yule bwana angesema mapema kwamba lori lake haliwezi kuvuka mto, harusi ya mwaka jana ingefanyika ng'ambo hii, na bibi harusi asingepita majini na viatu mkononi. Bi Semeni ndiye mama wa bibi harusi yule. Ndiyo maana leo hakubishana naye, alimwambia tu: waya huaga nyumbani, betri huaga njiani.